Barua ya wazi kwa wakubwa wa chuo chetu: hadubini tunayo, muda hatuna

Kwa Mheshimiwa Rais wa Chuo. Kwa wajumbe wa Bodi ya Wadhamini. Kwa wabunge wa jimbo mnaoketi kwenye kamati ya bajeti. Na kwenu mnaosoma maombi yetu ya ruzuku kule NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, Bethesda.

Baada ya salamu. Nakala ya Kiingereza ya barua hii iliingia ofisini kwenu Jumatatu, kurasa mbili, lugha ya adabu. Hii ni ndefu zaidi, na nimeiandika kwa lugha ninayowaza nayo nikikasirika. Naiweka hadharani kwa sababu kila mwaka napata ujumbe wa vijana kutoka Dodoma, Eldoret na Bujumbura wakiuliza kama waje Marekani kusomea sayansi ya ubongo kwenye chuo kama chetu, chuo cha kihistoria cha Weusi. Sioni vizuri kuwanong'oneza wao jambo ambalo ninyi sijawaambia usoni.

Nianze na jokofu. Maabara ya ubongo haiendi bila jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo ndimo tunamohifadhi tishu za ubongo wa panya na vichupa vya damu ya wazee wanaojitolea kwa ajili ya utafiti wetu. La kwetu lilikuwa na kengele: joto likipanda, lenyewe linapiga simu. Ijumaa moja usiku kompresa ikafa. Kengele ikalia kwenye koridoni tupu, na simu ikapigwa kama ilivyopangwa. Namba iliyokuwa imewekwa ni ya fundi wetu wa maabara aliyestaafu miaka miwili kabla, ambaye nafasi yake haijajazwa mpaka leo. Simu ilimfikia. Alikuwa Florida kwa mjukuu wake, akasikia sauti ya mashine, akakata akidhani ni wale matapeli wa bima ya gari. Ameshaniomba radhi mara tatu, maskini, kana kwamba kosa ni lake.

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yamefika mlangoni pa lifti. Mwanafunzi wangu wa uzamivu alikuwa amechuchumaa mbele ya jokofu, ameshika mfuko wa sampuli uliolegea kama pakiti ya mtindi. Hakulia. Alikuwa anasoma lebo kwa sauti, moja baada ya nyingine, tarehe na namba, kama mtu anayesoma majina msibani. Miaka mitatu ya kazi.

Wiki hiyohiyo ikaja barua pepe ya furaha: Alhamisi kuna kukata utepe, hadubini mpya ya leza imewasili, njooni na fulana za rangi ya chuo.

Nilikuja, nikavaa fulana, nikapiga makofi. Hadubini ile ni nzuri kweli, sikatai. Unaiwekea kipande cha ubongo kilichotiwa rangi, inakipitia kwa mwanga wa leza safu kwa safu, na seli moja ya neva inajitokeza na matawi yake yote kama mbuyu wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza ulipopita, leza moja ikapoteza mwelekeo. Mkataba wa matengenezo ulikuwa wa mwaka mmoja, umekuja pamoja na bei ya kununulia. Wa pili hakuna aliyeuweka kwenye bajeti, kwa kuwa aliyetoa pesa alitoa za kununua tu. Sasa imefunikwa shuka jeupe. Inanikumbusha kabati la vyombo la bibi yangu: sahani za maua na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, sisi tunakunywa chai kwenye vikombe vya bati. Wageni wakija wanaonyeshwa.

Ndiyo maana mwaka huu sijaomba chombo chochote. Naomba watu, na naomba muda. Maabara yenye fundi anayelipwa, mwalimu mwenye siku mbili za wiki zisizo na kipindi, na karani wa ruzuku anayezijua fomu za NIH kwa moyo, itapata vyombo vyake yenyewe. Maabara isiyo na hao mtaiwekea utepe kila mwaka na kila mwaka mtaikuta palepale.

Mimi ni mtoto wa Mahenge, Morogoro. Wanaoijua Mahenge wameshaelewa kwa nini nimeitaja. Kwetu kifafa hatukusimuliwa. Tumekua tukiwaona watu waliowahi kuangukia motoni, na makovu yao. Miaka ya 1960 daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, alikuta kule watoto ambao wakipewa chakula huanza kuinamisha kichwa mara kwa mara, kama wanaosinzia. Akaandika alichokiona, akafungua kliniki ya kifafa. Ilipita miongo kabla wataalamu duniani hawajaupa ugonjwa ule uzito wake, na leo unahusishwa na minyoo ya usubi. Daktari yule hakuwa na hadubini ya leza. Alikuwa na daftari, vidonge vya kifafa vya fenobabitoni, na utayari wa kukaa. Mimi nilipokuja huku kusomea neva nilidhani naenda penye vifaa. Sikujua kwamba nitakachokikosa zaidi ni kile alichokuwa nacho yeye.

Niwaeleze siku moja ya kazi, maana nadhani hakuna kati yenu aliyewahi kuiona mwanzo hadi mwisho. Tukitaka kusikiliza seli ya neva ikiwa hai, tunakata ubongo wa panya vipande vya unene wa mikromita 300, yaani chini ya theluthi moja ya milimita. Vipande vinawekwa kwenye maji ya chumvi na sukari yanayofanana na yale ya ubongoni, na muda wote yanapulizwa gesi, oksijeni asilimia 95 na kabonidioksidi asilimia 5. Kisha unachukua bomba la kioo ambalo ncha yake haifiki mikromita 2, unalishusha taratibu chini ya hadubini mpaka liguse ngozi ya seli, unavuta pumzi kidogo sana kwa mdomo kupitia mrija, na ngozi inajibana kwenye kioo. Hapo ndipo unapoanza kusikia umeme wake. Siku mbaya unajaribu mara 20 bila kupata hata moja.

Kipande kile kina saa chache tu. Ukikikata saa 3 asubuhi, jioni kimeshakufa. Sasa chukueni ratiba yangu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nina kipindi saa 5, kingine saa 8, Jumanne na Alhamisi nina viwili vingine, na maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kozi 4 kwa muhula. Seli ya neva haisubiri mhadhara wa fiziolojia uishe. Wenzangu wa chuo kikubwa kilicho mwendo wa dakika 40 kutoka hapa wanafundisha kozi moja, wengine hawafundishi kabisa muhula wa utafiti, kisha sote tunapeleka maombi kwenye meza moja na kupimwa kwa kipimo kimoja: umechapisha makala ngapi?

Najua jibu mtakalonipa, nimeshalisikia kwenye vikao. Kwamba chuo chetu ni cha kufundisha, kwamba ndiyo heshima yetu. Nakubali, na siyo kwa kupaka mafuta. Madaktari, wahandisi na wanasayansi Weusi wengi wa nchi hii walipita kwenye vyuo kama hiki wakati vingine vimewafungia mlango, na walimu waliowafundisha walibeba kozi 5 bila manung'uniko. Lakini mwanafunzi anayetaka kuwa mwanasayansi wa ubongo hafundishwi kwa slaidi. Anafundishwa kwa kusimama nyuma ya bega la mtu anayehangaika na bomba la kioo, na kumsikia akitukana kwa lugha ya kwao. Mkininyima muda wa utafiti mmemnyima na yeye darasa.

Sasa nije kwenye kile chuo chetu kinachoweza kufanya ambacho vingine vinashindwa, kwa maana sikuja kulalamika tu.

Tunapima umeme wa ubongo wa wazee kwa kofia ya EEG. Elektrodi, yaani kile kidude kinachonasa umeme, inatakiwa iguse ngozi ya kichwa. Kofia hizi ziliundwa na watu waliokuwa wanawaza nywele zilizolala. Kwenye nywele zetu kofia inaelea juu, mawimbi yanakuja machafu, na mwisho wa siku data za mshiriki zinatupwa. Ukizitupa za kutosha, unabaki na sayansi ya ubongo wa watu wa aina moja. Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lilieleza elektrodi mpya zinazoshikilia katikati ya misuko, na wazo hilo lilikuzwa na mwanafunzi Mweusi, Arnelle Etienne, aliyeiona shida kwa sababu nywele ni zake.

Sisi hatukuwa na elektrodi hizo. Tulikuwa na msusi. Dada wa mwanafunzi wangu alikuja Jumamosi na kitana na chupa ya mafuta, akamketisha karibu na dirisha mama mmoja wa kanisani, mwenye miaka 70 na ushei, akamsuka mistari ya kwenda nyuma, akiacha njia wazi pale tulipoweka alama kwa kalamu. Nikawaambia kwetu msuko huo unaitwa twende kilioni, na nikawaeleza maana yake: ni wa haraka, msiba ukitokea unasukwa hima na safari inaanza. Yule mama alicheka mpaka ikabidi tusubiri, maana misuli ya uso ikicheza, mawimbi ya ubongo hayaonekani. Alipotulia, tukapata rekodi safi kuliko zote za mwaka ule.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama siku nyingine tutamchoma sindano ya mgongo. Nikasema hapana. Akaniangalia kwa muda. "Babu yangu alikuwa Macon County," akasema.

Sitawaeleza ninyi Macon County ni wapi, ila wasomaji wangu wa nyumbani huenda hawajui. Ni Alabama, penye mji wa Tuskegee. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Walitaka kuona ugonjwa unavyokula mwili, ubongo na neva vikiwemo. Ili wakubali kuchomwa sindano ya uti wa mgongo waliandikiwa barua kwamba ni matibabu maalumu ya bure. Na chuo cha Weusi cha palepale kiliruhusu majengo yake yatumike. Jambo hilo la mwisho huwa tunalipita haraka kwenye hotuba zetu.

Mama yule alirudi. Alirudi na dada yake na majirani wawili. Hakuna kifaa mnachoweza kuninunulia kikafanya kazi hiyo. Na watu hawa ndio wanaohitajika kwenye tafiti: Wamarekani Weusi wazee wana hatari ya kupata ugonjwa wa Alzheimer na aina nyingine za kupoteza kumbukumbu ambayo ni karibu maradufu ya Wazungu, na kiharusi vivyo hivyo. Sababu ni nini? Damu? Maisha? Mwaka 2001 watafiti waliowafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na wazee Weusi wa Indianapolis walitoa hesabu ambayo huwa naiandika ubaoni siku ya kwanza ya muhula: wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka Ibadan ni asilimia 1.15, Indianapolis ni 2.52. Asili inakaribiana, mji ni tofauti, ugonjwa umezidi mara mbili. Ubao unabaki hivyo na mimi nakaa kimya, nawaacha wanafunzi wagombane. Wengi wao wana bibi nyumbani anayewaita kwa majina ya wajomba zao.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, wabunge mna makabrasha. Sheria ya 1890 iliyataka yale majimbo yaliyowakataza Weusi kwenye vyuo vyao vya kilimo na ufundi yawajengee vya kwao na kuvipa mgao wa haki. Septemba 2023 mawaziri wawili wa serikali kuu, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo hivyo vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kwa kipindi cha miaka 30 tu. Chuo cha Tennessee State peke yake, bilioni 2.1. Maryland walikwenda mahakamani 2006 na kumalizana 2021 kwa dola milioni 577 kwa vyuo vinne, miaka 15 baadaye. Mtu akiniambia chuo chetu kinapenda kuomba, namwambia tunadai.

Halafu ninyi wa NIH. Mwaka 2011 uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba mwombaji Mweusi, hata akilinganishwa na mwenzake Mzungu wa elimu na machapisho yaleyale, nafasi yake ya kupata ruzuku ilipungua kwa pointi 10 za asilimia. Mlishtuka, mkaunda kamati. Kisha mfuko wa mradi mkubwa wa ubongo, ule wa BRAIN uliozinduliwa 2013, ukashushwa na Bunge kutoka dola milioni 680 mwaka 2023 hadi 402 mwaka 2024. Februari 2025 ikatangazwa kwamba gharama za uendeshaji zinazolipwa juu ya kila ruzuku hazitazidi asilimia 15, mahakama ikazuia. Chuo tajiri kikipigwa hivyo kinaingia kwenye akiba. Sisi tunazima taa. Mwaka huohuo mipango ya NIH iliyokuwa ikiwalipa wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza ili washike kazi za maabara badala ya kuuza burga ilifungwa. Kijana wangu mmoja, mwenye mkono mtulivu kuliko wangu kwenye bomba la kioo, sasa yuko zamu ya usiku kwenye ghala.

Mnataka mfano wa mahali ilipofanikiwa? Mbona ipo. Morehouse School of Medicine, Atlanta, ilifungua taasisi yake ya sayansi ya neva mwaka 1995, ikiwa ya kwanza kwenye chuo cha Weusi, na NIH iliweka mkono wake. Delaware State ilipata dola milioni 10.5 mwaka 2012 kuanzisha kituo cha utafiti wa ubongo ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Delaware, na inatoa shahada ya uzamivu ya sayansi hiyo. Angalieni fungu lile la Delaware limekaaje. Linaitwa COBRE: linakwenda kwa awamu za miaka mitano mitano, mpaka tatu. Kila mtafiti kijana anatakiwa kutumia angalau nusu ya muda wake kwenye utafiti, na chuo kinasaini kwamba kimempa muda huo. Kuna fungu la kulipia maabara za pamoja na watu wanaoziendesha. Walioliandika walijua panapovuja. Kasoro yake ni kwamba linakwenda kwa majimbo yaliyo nyuma kwa fedha za NIH tu. Chuo maskini kilichopo jimbo tajiri kinaangalia kwa jirani.

Napenda pia mfano wa Fairbanks, Alaska, ingawa siwezi kuishi huko hata kwa wiki. Chuo chao kilisaidiwa na NIH kuanzisha utafiti wa neva, nao hawakukimbilia kuiga vyuo vikubwa vya Boston. Wakamchukua kindi wao wa ardhini, mnyama anayelala majira yote ya baridi huku joto la mwili wake likishuka chini ya sifuri na damu kwenda ubongoni kidogo mno, kisha akaamka mzima. Ubongo wetu ukikosa damu dakika chache ni kiharusi. Wa kwake unakosaje bila kuoza? Swali zuri namna hiyo walilipata nyuma ya nyumba. Letu liko kanisani, kwenye viti vya mbele.

Mheshimiwa Rais, najua unaitaka ile hadhi ya juu ya utafiti, R1. Howard waliipata tena mwaka 2025, na ndicho chuo pekee cha Weusi kilichomo. Masharti ni mawili: dola milioni 50 za matumizi ya utafiti kwa mwaka, na shahada 70 za uzamivu. Naomba tahadhari. Matumizi yanahesabika hata ukinunua vitu na kuvifunika shuka. Mwanafunzi aliyekuwa anasoma lebo za sampuli zilizoyeyuka yumo kwenye hesabu ya wale 70, na wiki ile nusura afungashe virago.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Mwalimu yeyote mwenye maabara hai afundishe kozi moja kwa muhula kwa miaka minne ya kwanza, na mbili baada ya hapo. Vipindi vinavyobaki waajiriwe walimu wa kudumu wenye mishahara ya kueleweka, wala msiwarundikie vibarua wa muhula. Nafasi ya fundi ijazwe, na iongezwe ya pili, zote kwenye mishahara ya jimbo, zisining'inie kwenye ruzuku ambayo ikiisha na mtu anaondoka. Hapa wabunge ndipo mnapohusika, na kiasi chenyewe hakifiki bei ya taa za uwanja wa mpira mlizopitisha mwaka jana. Kusiwe na chombo kinachopokelewa bila pesa za matengenezo ya miaka mitano, hata kama mfadhili atanuna. Ofisi ya ruzuku ipate karani wa pili. Aliyepo anashughulikia vitivyo vyote na bado huwa ananipigia saa 4 usiku kunikumbusha saini, Mungu ambariki. Na zile gharama za uendeshaji zinazolipwa kupitia ruzuku zetu, tuonyeshwe zinakwenda wapi. Sisemi zimeibiwa. Nasema tuonyeshwe.

Kwa NIH: fungu la mtindo wa COBRE kwa vyuo vyenyewe, jimbo lolote vilipo. Na mkikaa kupitia maombi yetu, kabla ya kuhesabu makala, ulizeni mwombaji anafundisha kozi ngapi. Swali moja tu, liwekwe kwenye fomu.

Wajumbe wa Bodi, nawakaribisha maabara siku yoyote isipokuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 5 na saa 8, na Jumanne na Alhamisi ndiyo hivyo mmeshasikia. Njooni Jumamosi. Mtamkuta msusi.

Jokofu jipya limefika, nawashukuru. Lipo koridoni ghorofa ya 2, bado ndani ya boksi, linasubiri fundi wa umeme aje kuliwekea soketi yake. Nilijaza fomu mwezi uliopita. Namba ya simu ya kengele, safari hii, nimeweka yangu.

Kwetu barua ya namna hii ilikuwa ikimalizwa kwa "wenu katika ujenzi wa taifa". Mimi nasaini:

Mwalimu wenu wa fiziolojia ya neva,
mlango wa tatu baada ya boksi.